Ubao wa Hamsini na Nane

Baba yangu, Emrys Treharne, fundi bomba wa Tredegar,
alianza mbio akiwa na miaka thelathini na moja,
umri ambao wenzake walikuwa wakiuza pikipiki zao
wanunue viti vya watoto wachanga.
Mimi nilikuwa mtoto huyo mchanga.
Kiti changu kilifungwa kwa tepu ya mabomba.

Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa kichwa ndani ya makabati ya watu,
miguu nje,
soksi ya kulia na ya kushoto hazijuani.
Ijumaa jioni aliyatoa mabomba garini,
akaingiza pikipiki,
na harufu ya gundi na ya petroli zikalala pamoja
kama mke na mume walionuniana mpaka wakachoka.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Hazikumshinda baba. Zilimchosha tu.

Mbio za saa sita, za saa nane, mara mbili za saa ishirini na nne.
Waendeshaji watatu, pikipiki moja:
baba, na Idwal mpaka rangi, na binamu yake Gethin
aliyekuwa na kasi kuliko wote na madeni kuliko wote.
Zamu kwa zamu, kama wauguzi.
Mmoja juu ya tandiko, mmoja kalala chali juu ya matairi,
mmoja anakula maharagwe baridi kwa bisibisi
kwa sababu kijiko kimepotea tena.

Kazi yangu ilikuwa ubao.
Nikiwa na miaka tisa nilisimama ukutani,
mvua ya Pembrey ikinipiga ubavuni kutoka baharini,
hamsini na nane yetu juu, na chini yake nikapachika
mizunguko iliyobaki, sekunde za aliye mbele,
sekunde za aliye nyuma.
Alipita. Nusu ya pumzi.
Kidole kimoja kikainuka kwenye klachi:
nimeona.
Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Mara moja, saa tisa usiku, zamu ikibadilishwa,
simu yake ikalia ndani ya sanduku la spana.
Bi Prosser wa mtaa wa juu: maji yanachuruzika kwenye taa ya jikoni.
Baba, kofia kwapani, mvuke ukimtoka kichwani kama birika,
akamwambia taratibu: ingia chini ya ngazi, Bi Prosser.
Kuna vali nyekundu. Ina ukaidi. Zungusha kulia.
Tena.
Tena.
Tulipoteza sekunde arobaini na moja
na nafasi ya tatu.
Gethin alipiga teke pipa. Bi Prosser alileta keki.

Miaka kumi na saba. Hesabu ninayo:
mtulinga mmoja uliounganishwa kwa kipande cha chuma,
fundi kaungwa na fundi mwenzake, alisema;
kidole kimoja kisichokunjika;
nafasi ya nne, mara mbili;
kikombe kimoja, cha gereji safi kuliko zote.
Kodi ya nyumba ilichelewa mara ngapi sitasema.
Mama anajua.

Mwisho haukuwa na moshi wala damu.
Magoti tu. Miaka thelathini ya kupiga magoti
kwenye sakafu za watu bila kusali,
na goti la kushoto likakataa kukaa juu ya kikanyagio.
Zamu yake ya mwisho aliiendesha amelitoa nje
kama mlango usiofungika.
Wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili.
Akavua glavu, akaniuliza kama kuna chai.

Pikipiki aliinunua kijana wa Ebbw Vale, fundi umeme,
kwa fedha taslimu na boila kuukuu.

Ubao hakuuuza.
Nimemkuta leo chini ya sinki la shule ya msingi,
ameulaza sakafuni, amepiga magoti juu yake,
hamsini na nane imetazama chini, ndani ya maji.
Mimi ndiye ninayemshikia tochi; nimesomea kazi hii hii.
"Bado kiasi gani?" akauliza, hajageuka.
Nikatazama saa. Kengele ya watoto ilikuwa karibu.
"Dakika kumi na mbili," nikasema.
Akainua kidole kimoja.